Pikapu ya Magurudumu ya Nyuma na Masika ya Saadani: Faida Iko Wapi?

MVUA za masika zinapoanza kupiga ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam, kwa kawaida kati ya Machi na Mei, mfanyabiashara mdogo wa samaki na kamba hana uwezo wa kupanga bei ya soko la Feri wala hali ya bahari. Kitu pekee kilichobaki mikononi mwake ni safari. Anaweza kununua mzigo mzuri kwa wavuvi wa Saadani, kwa bei nzuri, kisha akaupoteza wote katika kilomita chache za tope kabla hajaiona lami.

Somo la leo linahusu chombo ambacho wafanyabiashara wengi wenye mtaji mdogo huanza nacho, yaani gari la mizigo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Katika kundi hili zimo pikapu za kawaida za Toyota Hilux, Toyota Hiace za mizigo, Suzuki Carry nyingi zinazoitwa "kirikuu", na Mitsubishi Canter. Zamani kidogo kulikuwa na pikapu ya Peugeot 504, ambayo ilibeba mizigo ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Swali la mwenye mtaji ni moja. Je, gari la namna hii linaweza kuleta faida wakati wa masika, au ni afadhali aongeze fedha anunue gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo madereva huliita "foo-wili"? Jibu fupi ni kwamba linaweza kuleta faida, kwa masharti mawili: lisitembee tupu, na mwenye gari ajue siku ya kutokwenda.

BARABARA NA UDONGO WAKE

Saadani iko pwani, kaskazini ya mahali mto Wami unapoingia baharini. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara kama jirani yake Bagamoyo. Leo ni kijiji cha wavuvi kilichopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, hifadhi ambayo nyika yake inafika hadi ufukweni.

Njia inayojulikana ya kutoka bara huacha barabara kuu ya Chalinze na Segera pale Mandera, ikapita Miono na Mkange. Upande wa kusini, lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata, iliyojengwa katika miaka ya 2010, iliwatoa wakulima wa mananasi wa Kiwangwa katika adha kubwa. Aidha, katika miaka ya karibuni Serikali ilianza kujenga kwa lami njia ya pwani inayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, yenye urefu wa takriban kilomita 246. Hata hivyo lami haifiki shambani wala ufukweni. Mananasi, chumvi na samaki huanza safari yao katika njia za udongo, na hapo ndipo hasara nyingi hutokea.

Udongo wa ukanda huu si wa aina moja. Uko mchanga wa karibu na bahari, ambao mvua huufanya ushikamane na upitike vizuri zaidi kuliko wakati wa kiangazi. Uko udongo mwekundu wenye changarawe, ambao juu huteleza lakini chini ni mgumu. Na uko udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa mvua hunywa maji, huvimba na kugeuka kuwa uji mzito unaonata kwenye tairi mpaka meno yake yasionekane. Dereva asiyetofautisha udongo huu na ule mwekundu atatumia dawa ya ugonjwa mmoja kutibu mwingine.

Jambo jingine ni mto. Wami hupokea maji kutoka milima ya bara, ikiwamo Ukaguru na Nguru. Kwa hiyo maji yanaweza kupanda karibu na Saadani siku ambayo pwani hakukunyesha hata tone. Kuangalia mawingu ya Bagamoyo peke yake hakutoshi. Inafaa kupiga simu kwa mtu aliye bara.

KWA NINI GARI TUPU HUTELEZA

Gurudumu husukuma gari kwa kushika ardhi, na mshiko huo hutegemea uzito unaolikandamiza. Katika pikapu injini na abiria wako mbele, lakini magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Gari likiwa tupu, kazi yote inafanywa na magurudumu yaliyobeba uzito mdogo.

Tuchukue mfano wa pikapu tupu ya kilo 1,200, yenye kilo 700 mbele na kilo 500 nyuma. Magurudumu yanayosukuma yamebeba asilimia 42 tu ya uzito wa gari. Sasa ipakiwe mzigo wa kilo 500, ukae karibu juu ya ekseli ya nyuma, kiasi kwamba kilo 450 ziende nyuma na kilo 50 mbele. Gari lina kilo 1,700, na nyuma kuna kilo 950, yaani asilimia 56. Gari limekuwa zito, lakini sehemu ya uzito huo inayofanya kazi ya kusukuma imeongezeka zaidi. Ndiyo sababu pikapu iliyoshindwa kupanda kilima asubuhi ikiwa tupu huweza kukipanda jioni ikiwa na mzigo. Kupanda kwenyewe kunaisaidia, kwani mlima husogeza uzito upande wa nyuma.

Mahali pa kuweka mzigo pana umuhimu sawa na kiasi chake. Mzigo uliorundikwa mwisho kabisa wa bodi, nyuma ya ekseli, hunyanyua pua ya gari. Hapo magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi, na gari huenda moja kwa moja kwenye mtaro hata kama dereva amekata kona.

THELUJI YA ULAYA NA TOPE LA PWANI

Ujuzi huu si wa pwani peke yake. Huko Ulaya ya kaskazini, ambako barabara hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa, wenye magari ya kusukumwa nyuma, zikiwamo Mercedes-Benz na BMW nyingi, hufunga tairi maalumu za majira ya baridi. Baadhi yao huongeza mifuko ya mchanga katika buti. Sababu ni ile ile ya kilo 500 na kilo 950.

Lakini mfanyabiashara wa Saadani asiige bila kupima. Chini ya theluji ya barabara za Ulaya kwa kawaida kuna lami au ardhi iliyoganda, na adui wa dereva ni utelezi. Katika udongo mweusi wa mbuga adui ni wawili: utelezi juu, na kutitia chini. Uzito unaotibu utelezi ndio huo huo unaozamisha gari. Kwenye udongo mwekundu, kilo 500 juu ya ekseli ni msaada. Kwenye mbuga iliyolowa siku tatu, kilo hizo hizo zitaipeleka ekseli mpaka ilalie tumbo, na hapo hakuna dereva hodari.

Kanuni inayofaa ni hii. Palipo na ukoko mgumu chini ya tope, mzigo uwepo na ukae juu ya ekseli. Palipo laini mpaka chini, gari lisiingie, liwe na mzigo au tupu. Njia rahisi ya kujua ni kushuka na kuchoma fimbo. Ikikwama baada ya vidole viwili au vitatu, chini kuna ugumu. Ikizama shubiri nzima bila kipingamizi, safari imekwisha.

MZIGO WA KWENDA

Hapa ndipo uendeshaji unapokutana na biashara. Wachuuzi wengi huondoka Dar es Salaam na gari tupu kwenda kununua, na hurudi wamejaza. Kwa mahesabu ya kawaida hiyo ni nusu ya mafuta iliyomwagwa bure. Wakati wa masika hasara huwa mara mbili, kwa sababu gari tupu ndilo linaloteleza, na safari ya kwenda ndiyo inayovuka tope likiwa halina uzito nyuma.

Mfanyabiashara mwangalifu hutafuta mzigo wa kwenda. Mwenye kununua samaki tayari anao: barafu. Masanduku ya barafu yakipangwa juu ya ekseli ya nyuma yanakuwa uzito wakati wa kwenda na uhai wa samaki wakati wa kurudi. Wengine hupeleka unga, sukari, sabuni, saruji au mabati kwa maduka ya vijijini, ambayo nayo huishiwa bidhaa barabara zinapoharibika. Faida ya mfuko wa unga inaweza kuwa ndogo, lakini mfuko huo umelipa mafuta na pia umesukuma gari. Gunia la mchanga halilipi kitu.

Mzigo wa kwenda una nidhamu yake. Ukishushwa wote Miono, na kilomita mbaya ziko mbele, faida ya uzito imeachwa njiani. Ni vizuri bidhaa nzito zipangwe kushushwa mwisho. Hali kadhalika, gari likifika Saadani na samaki wakakosekana, dereva asirudi tupu kwa hasira. Chumvi hupatikana ukanda huo, haiozi, na magunia machache yatamrudisha mpaka lami.

UPEPO, DIFU NA MGUU WA DEREVA

Baada ya uzito, fedha inayofuata iwekwe kwenye tairi. Tairi kipara nyuma ni akiba ya uongo. Ikiwa mwenye gari anaweza kununua tairi mbili tu zenye meno makubwa, wakati wa tope zikae nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma.

Kupunguza upepo huongeza eneo la tairi linalogusa ardhi na husaidia sana kwenye mchanga na sehemu laini. Lakini tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata moto ikienda kasi kwenye lami, na huweza kupasuka. Asiye na pampu ndani ya gari asitoe upepo.

Difu ya kawaida ina tabia ambayo wengi wanaijua bila kujua sababu yake. Gurudumu moja la nyuma likikosa mshiko, nguvu yote hukimbilia huko, nalo huzunguka bure huku jingine limesimama kwenye ardhi nzuri. Katika magari ambayo breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma, kuivuta kidogo tu hulipa lile linalozunguka kazi ya kufanya, na nguvu kiasi hurudi kwenye lile lililosimama. Si muujiza, lakini mara nyingi hutosha kwa zile hatua tatu au nne zinazohitajika.

Mengine ni mguu na utulivu. Gari liondoke kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Liendelee na mwendo mmoja, bila kusimama katikati ya dimbwi. Mkia ukianza kwenda kando, dereva alegeze mafuta taratibu na aelekeze usukani upande ule ule mkia unakokwenda, bila kukamata breki ghafla. Tairi ikianza kuzunguka pale pale, kuongeza mafuta ni kuchimba shimo. Asimame, achimbue kwa chepe, aweke matawi au mbao, au afunge cheni ikiwa anayo. Jembe, chepe, panga, mbao ya kuweka chini ya jeki, kamba na utingo mwenye nguvu ni vifaa vya biashara kama mizani.

Zaidi ya hayo, muda ni sehemu ya usalama. Eneo hili lina tembo na simba. Gari lililokwama saa kumi na mbili jioni si gari la kuliacha na kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Safari ya masika ipangwe ili sehemu mbaya ipitwe kabla ya saa nane mchana.

HESABU YA KWENDA AU KUTOKWENDA

Jambo linalowaponza wengi si ubovu wa gari. Ni shinikizo la marejesho ya mkopo. Mwenye deni la kila wiki huona kwamba kukaa nyumbani ni hasara, hivyo huondoka hata siku isiyofaa. Hesabu inaweza kumsaidia kuliko ujasiri. Takwimu zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke bei za wiki yake.

Tuseme safari nzuri huacha faida ya sh. 120,000. Tuseme pia samaki wamenunuliwa kwa sh. 900,000, gari likilala njiani, barafu ikayeyuka, watauzwa kwa sh. 400,000. Hapo imepotea sh. 500,000. Trekta ya kuvuta ni sh. 150,000. Posho, chakula na mafuta yaliyoungua kwenye tope ni sh. 100,000. Mkwamo mmoja umegharimu sh. 750,000.

Safari sita nzuri huleta sh. 720,000. Maana yake ni kwamba, kama katika safari saba moja itakwama, mfanyabiashara amefanya kazi wiki kadhaa na kuishia na hasara ya sh. 30,000. Kama itakwama moja katika nane, anabaki na sh. 90,000, ambazo hazitoshi hata kununua tairi. Kwa hiyo siku ambayo dereva mzoefu anaona uwezekano wa kukwama umefika mmoja kwa saba, kutokwenda ndiyo biashara. Anayesubiri siku mbili jua likaushe barabara hajapoteza sh. 750,000, amekosa sh. 120,000, na mtaji wake uko mfukoni.

Mwenye mkopo anapaswa kulijua hili kabla ya kusaini. Ratiba ya marejesho inayodai kiasi kile kile Aprili na Agosti haifahamu masika. Ni busara kuomba marejesho madogo katika miezi ya mvua, au kuweka akiba ya kiangazi kwa ajili hiyo.

JE, FOO-WILI INALIPA?

Tuendelee na mfano huo huo. Foo-wili imezidi bei kwa sh. 8,000,000. Zikigawanywa kwa miaka mitano, bila riba, ni sh. 1,600,000 kwa mwaka. Kwa safari mbili kila wiki, yaani 104 kwa mwaka, ikila mafuta ya ziada ya sh. 15,000 kila safari, ni sh. 1,560,000. Matengenezo na spea za ziada tuweke sh. 600,000. Jumla ni sh. 3,760,000 kila mwaka.

Tukigawanya kwa sh. 750,000 za mkwamo mmoja tunapata tano na kitu kidogo sana. Kwa hiyo foo-wili itaanza kulipa pale itakapomwepusha mwenye gari na mikwamo zaidi ya mitano kwa mwaka. Ni haki kuongeza kwamba inaweza kwenda siku ambazo wengine wanasubiri. Kila safari sita za namna hiyo zihesabiwe kama karibu mkwamo mmoja. Pia hurudisha fedha zaidi ikiuzwa. Lakini foo-wili nayo hukwama kwenye mbuga iliyolowa, na ikikwama huwa imeingia mbali zaidi.

Anayebeba samaki mwaka mzima kutoka sehemu za ndani anaweza kuona hesabu inakubali. Anayebeba mananasi ya Kiwangwa, ambako lami iko karibu, au anayeweza kusimama wiki chache za Aprili, hana sababu ya kufunga milioni nane katika ekseli ya mbele.

USHAHIDI WA SAFARI RALLY

Wanaodhani gari la magurudumu ya nyuma halifai kabisa kwa tope wakumbuke mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza saba. Mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la kusukumwa nyuma.

Hata teknolojia ya magurudumu manne ilipoingia, mambo hayakubadilika mara moja. Audi ya magurudumu manne ilishinda rali ya theluji ya Sweden miaka minne mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1984. Lakini Safari Rally ya 1984, 1985 na 1986 ilichukuliwa na Toyota Celica ya magurudumu ya nyuma, na Audi ilisubiri mpaka 1987. Safari ilikuwa ndefu na ya kuvunja magari, na uimara ulihesabiwa pamoja na mshiko.

Hata hivyo timu hizo zilikuwa na mafundi, spea na fedha nyingi nyuma yao. Mwenye pikapu moja hana. Kinachomfaa kutoka kwao ni takwimu za 1963 na 1968: magari mengi yaliyobaki njiani yalikuwa na madereva wazuri, lakini shindano liliwalazimu kuondoka siku iliyopangwa. Mfanyabiashara wa Saadani hana mtu wa kumpungia bendera. Kabla ya kununua gari jingine, aweke daftari la masika moja, aandike kila safari, mzigo wa kwenda, siku aliyosubiri na kila mkwamo na gharama yake. Mwisho wa Mei daftari hilo litamwonyesha kama mikwamo imefika sita au ni miwili tu.